Tochi ya zamani ya bei kubwa na mpya ya bei nafuu: tunajibu barua za Moshi na Arusha

Mvua za masika zikiisha na wapandaji wakianza kujaa Kilimanjaro na Meru, barua za tochi huongezeka. Nyingi zinafanana: mtu ana tochi ya mfukoni ya bei kubwa ya miaka ya nyuma, mara nyingi aliyoachiwa na mgeni, na sasa anaona tochi mpya ya bei ndogo inayodai kuizidi mara ishirini. Tumechagua sita.

Niuze SureFire yangu?

*Shikamooni. Mimi ni mwongoza wapandaji, naishi Pasua, Moshi. Mgeni aliniachia tochi ya SureFire 6P, ile ya globu, si ya LED. Inatumia betri mbili za CR123A, na jozi moja inanigharimu karibu shilingi 20,000 nikibahatika kuzipata. Mwenzangu ameagiza Wurkkos FC11 inayochajiwa kwa USB-C, na tukiziwasha pamoja yangu haionekani. Lakini yangu imeanguka mara nyingi na haijawahi kugoma. Niiuze ninunue kama yake? Na usiku wa kilele niende na ipi?*

Marahaba, mdogo wetu. Usiiuze. Ila usipande nayo kileleni ikiwa bado ina globu hiyo.

Tuanze na betri. CR123A moja ni ya volti 3 na takribani miliampea-saa 1,500. Mbili zikikaa mfululizo zinabeba nishati ya wati-saa 9 hivi. Betri ya kuchaji ya mwenzako, ya aina iitwayo 18650, ikiwa ni ya volti 3.6 na miliampea-saa 3,000, inabeba wati-saa 10.8. Kwa hiyo nishati mnayobeba mfukoni inakaribiana. Tofauti kubwa iko kwenye kinachogeuza nishati hiyo kuwa mwanga. Globu ya P60 iliyomo kwenye 6P, yenye gesi ya zenoni, hutoa lumeni 65 (lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka) kwa muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kama joto. LED nzuri ya leo, ukishatoa kinachopotea kwenye kioo na kwenye saketi, hutoa kadiri ya lumeni 80 kwa kila wati. Piga hesabu kwa wati-saa 10.8: unapata lumeni 100 kwa zaidi ya saa 8, au lumeni 300 kwa muda usiofika saa 3.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye kazi yako. Mkitoka kambi ya Kibo karibu na saa sita usiku, jua linawakuta saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hizo ni kama saa sita za giza. Kwa globu ya P60 ungehitaji jozi sita za betri, yaani shilingi 120,000 kwa usiku mmoja kwa bei unayotutajia. Kuijaza 18650 kwa umeme wa nyumbani, hata ukihesabu unaopotea kwenye chaja, hakufiki shilingi 10.

Tuitendee haki 6P. Ilibuniwa katika miaka ya 1980, wakati LED nyeupe haikuwepo sokoni. Hizo zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1990. Mini Maglite ya betri mbili za AA ya enzi hizo ilitoa lumeni kama 15 tu. Lumeni 65 kutoka kwenye kitu kinachoingia mfukoni zilikuwa jambo kubwa, na bei yake ilistahili. Kilichopitwa na wakati ni globu na aina ya betri. Bodi haijapitwa.

Na kuna mambo ambayo bado inaongoza. La kwanza ni swichi. Kifuniko cha nyuma cha 6P hakina kitu cha kuharibika kirahisi: ukikibonyeza springi inagusa bodi na taa inawaka, ukikizungusha inabaki imewaka. Hakuna kitufe cha kielektroniki, hakuna tundu la chaji la kuingiza vumbi, na ukiwa umevaa glavu nene unaiwasha bila kutafuta kitufe. La pili ni rangi. Mwanga wa globu unaonyesha rangi kama zilivyo, na kwa mwongozaji hilo si pambo. Unapommulika mgeni usoni katika kimo cha mita 5,000 unatafuta midomo iliyogeuka bluu na ngozi iliyopauka. LED za bei rahisi zenye mwanga wa kibuluu humfanya hata mzima aonekane mgonjwa, na mgonjwa akufiche hali yake. Kipimo cha jambo hili huitwa CRI, na 100 ndiyo juu kabisa. Globu iko karibu na 100. Bahati nzuri FC11 ilitolewa na LED ya Samsung LH351D ya CRI 90, ambayo inatosha kabisa. Ukiagiza tochi nyingine yoyote, tafuta namba hiyo kwenye maelezo. Isipoandikwa, mara nyingi ni 70 au chini.

La tatu ni baridi. CR123A ni lithiamu isiyochajiwa na inavumilia baridi kali vizuri. Betri za lithiamu za kuchaji, kama 18650, hudhoofika: kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri utaona muda umepungua, na kwenye 20 chini ya sifuri zaidi sana. Haziharibiki kwa kutumika kwenye baridi, zinarudia nguvu zikipata joto. Kinachoziharibu ni kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu hujikusanya kama chuma juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake. Kwa hiyo usiunganishe tochi na pawabenki usiku kule Kibo ikiwa imelala kwenye begi la nje. Iweke ndani ya koti karibu na kifua, au chaji mapema mkiwa kambi ya chini ya Horombo mchana. Betri ya akiba iwe kwenye mfuko wa ndani, ndani ya kiboksi chake cha plastiki, isigusane na funguo wala sarafu.

Tunachokushauri ni hiki: badilisha moyo wa 6P, uache bodi. Ondoa betri kwanza. Fungua kichwa kwa kukizungusha kinyume cha saa, vuta P60 nje. Ni kipande kimoja chenye rifleka (kikombe kinachong'aa cha kuelekeza mwanga), globu na springi. Nunua moduli ya LED ya umbo la P60, ambayo kipenyo chake ni milimita 26.5. Angalia volti zake kabla ya kulipa. Iliyoandikwa volti 2.7 hadi 4.2 ni ya betri moja ya lithiamu ya kuchaji. Ukiitia CR123A mbili utaiunguza papo hapo. Iliyoandikwa 3 hadi 9 inakubali zote. Bodi ya 6P haipokei 18650 bila kuchongwa ndani, ila hupokea betri nyembamba zaidi za kuchaji, 17670 au 16650, kwa sababu urefu wake unakaribiana na wa CR123A mbili na springi hufidia kilichobaki.

Kosa la kawaida kwenye kazi hii ni joto. Globu haikuhitaji kugusana vizuri na bodi. LED inahitaji, na moduli ikikaa imelegea hewa inayoizunguka huzuia joto lisitoke. LED hupauka na kufa mapema. Zungushia moduli karatasi ya alumini ya jikoni tabaka mbili tatu hadi iingie kwa kukaza kidogo. Usichague moduli inayovuta ampea 3. Ya ampea 1 hadi 1.4 inatosha, haipiki mkono, na inadumu usiku.

Ukifanya hivyo una tochi ya lumeni mia tatu au nne yenye swichi unayoiamini. Kwa kilele, taa ya kichwani ndiyo ya kutembelea maana mikono yako ina kazi. Tochi hii iwe ya pili, ya kukagua wageni na ya dharura. Na ukiweza kumudu FC11, inunue pia, ila fungua kifuniko cha nyuma robo mzunguko unapoiweka kwenye begi ili isijiwashe yenyewe na kuunguza nguo. Pia ina sumaku kwenye mkia, usiiweke mfuko mmoja na dira.

Lumeni zinaenda wapi?

*Habari za kazi. Nasimamia walinzi wa usiku Njiro, Arusha. Nilinunua tochi mpya sita za bei nafuu, boksi linasema lumeni 2,000. Zinawaka sana zikiwashwa, lakini baada ya dakika mbili au tatu mwanga unashuka. Tulikuwa na tochi moja ya zamani ya kampuni kubwa iliyoandikwa lumeni 200 na haishuki. Walinzi wanasema ile ya zamani inaona mbali zaidi. Nimeibiwa?*

Pengine hukuibiwa, kaka, ila umenunua namba usiyoihitaji.

Tangu 2009 watengenezaji wengi hupima kwa kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1. Kanuni hiyo inaruhusu kupima lumeni kati ya sekunde 30 na dakika 2 tangu kuwasha. Na muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi inaweza kuwaka kwa lumeni 2,000 kwa dakika mbili, ikashuka hadi 400, ikatambaa hivyo kwa saa mbili, na boksi likaandika lumeni 2,000 kwa saa mbili bila kuvunja kanuni. Zisizotaja FL1 kabisa huandika watakacho.

Kushuka kwenyewe si ubovu. Tochi ya ukubwa wa kidole gumba haiwezi kutoa nje joto la wati 15 au 20. Saketi inapohisi joto, au ikihesabu dakika, hupunguza umeme ili LED isiungue. Ukiona tochi ndogo inayodai lumeni 2,000 na haishuki kamwe, ama haitoi hizo lumeni, ama haina ulinzi wa joto na haitadumu.

Kwa nini ya zamani inaona mbali? Kwa sababu lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, na umbali hutegemea mwanga uliokusanywa katikati, unaopimwa kwa kandela. Kanuni ni rahisi: tafuta kipeo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2, unapata mita. Kandela 2,500 ni mita 100. Kandela 10,000 ni mita 200. Ili kuongeza umbali maradufu unahitaji kandela mara nne. Na hata hiyo mita 200 ni mahali mwanga unapobaki sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu, yaani luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofikia kitu). Kumtambua mtu kwa sura, hesabu theluthi moja ya umbali huo au pungufu. Tochi yenye rifleka pana na ya kina, hata ikiwa na lumeni 200, inaweza kuizidi kwa mbali ile ya lumeni 2,000 yenye rifleka fupi inayomwaga mwanga pande zote.

Mlinzi anayezunguka ukuta wa nyumba anahitaji mwanga mpana wa lumeni 150 hadi 300 usioshuka. Anayesimama getini na kuangalia barabara au shamba anahitaji kandela 10,000 kwenda juu. Hizo sita zako zifundishie walinzi kuzitumia kwenye ngazi ya kati badala ya ya juu. Hazitashuka, na betri itafika alfajiri.

Kabla ya kununua nyingine, pima. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga, na programu za kusoma luksi ni za bure. Weka tochi wima juu ya meza kwenye chumba cheusi imulike dari, simu iwe pembeni mita moja kioo kikiangalia juu. Soma ikiwashwa, baada ya sekunde 30, baada ya dakika 3 na baada ya dakika 10. Namba zenyewe si sahihi kama za maabara, lakini uwiano kati ya tochi mbili ni wa kuaminika. Ya zamani na mpya zikishindanishwa hivi, ya dakika ya 10 ndiyo namba ya kununulia.

Betri za kuchaji badala ya CR123A

*Kuna betri ndogo za kuchaji zilizoandikwa 16340, zinafanana kabisa na CR123A. Naweza kuzitumia kwenye tochi yangu ya zamani ya betri mbili? Msomaji, Sakina.*

Kwenye yenye globu ya asili, hapana, dada. CR123A mbili ni volti 6. Betri mbili za 16340 zikijaa ni volti 4.2 kila moja, jumla 8.4. Globu iliyotengenezwa kwa volti 6 itang'aa kwa nguvu mara moja na kukatika. Kwenye tochi ya LED ya zamani inategemea saketi; soma kitabu chake, na kama hakisemi wazi kwamba inakubali hadi volti 8.4, usijaribu.

Jambo la hatari zaidi ni kuchanganya. Usiweke kamwe CR123A mpya pamoja na iliyotumika, wala za kampuni mbili tofauti. Dhaifu ikiisha kwanza, nzima inaendelea kuisukumia umeme kinyume. Inapata joto, inapasuka, na gesi inayotoka ni sumu kwa mapafu. Ndani ya bodi ya alumini iliyofungwa vizuri, huo ni mlipuko. Ukiwa na multimita (kipima umeme), CR123A mpya husoma takribani volti 3.1 hadi 3.2. Jozi zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.1, usizioanishe.

Maglite za mitumba

*Nauza vitu vya mitumba Kiborloni. Kwenye mizigo hutokea Mini Maglite za zamani, nyingi betri zimegandia ndani na kuna unga mweupe. Zinafaa kutengenezwa au nizitupe? Wateja wanasema tochi mpya ya bei hiyo hiyo inawaka zaidi.*

Nyingi zinafaa, na si kazi ya siku nzima. Ule unga ni mabaki ya betri za alkalini zilizovuja. Kilichotoka ndani ni potasiamu hidroksidi, ambayo ni besi kali na hula alumini, na ikikutana na hewa hugeuka unga. Vaa glavu na ukinge macho.

Fungua kifuniko cha nyuma na angalia kwenye springi: Mini Maglite za globu huwa na globu ya akiba imefichwa humo. Fungua na kichwa pia, utoe kioo na rifleka. Betri iliyogandia mimina siki nyeupe au maji ya limau vijiko viwili kutokea nyuma, acha tochi imesimama dakika 30, kisha gonga ukingo wa bodi kwenye ubao. Usigonge kwenye saruji, utapinda mdomo na kifuniko hakitaingia tena. Isipotoka, rudia. Betri iliyovimba hadi kukaza ukuta kwa urefu wake wote mara nyingi haitoki bila kusukumwa kutokea upande wa kichwa, na hapo lazima swichi ing'olewe kwanza. Kwa tochi ya bei ya Kiborloni hiyo kazi haikulipi, itupe.

Betri zikitoka, sugua ndani kwa brashi ya chupa na siki hadi povu likome, suuza kwa maji safi, na uikaushe juani kabisa. Springi iliyoshika kutu isugue kwa msasa laini hadi chuma kionekane. Nyuzi za kifuniko zipake grisi ya silikoni kidogo sana, na mpira wa kuzuia maji ukiwa umepasuka ubadilishe. Mafuta ya mgando ya kujipaka yaache, kwa sababu yanatokana na mafuta ghafi na huvimbisha aina fulani za mpira.

Wateja wako wanasema kweli kuhusu mwanga: lumeni 15 si kitu leo. Lakini kuna vijiglobu vya LED vinavyoingia kwenye soketi ile ile ya pini mbili. LED hujali upande, kwa hiyo isipowaka, ing'oe, igeuze pini, irudishe. Usitarajie kukusanya mwanga vizuri kama zamani kwa kuzungusha kichwa, maana rifleka ilichongwa kwa waya mwembamba wa globu. Iuze kwa sifa zake za kweli: bodi nene, betri za AA zinazopatikana kila duka kuanzia Mbuyuni hadi Tarakea, na haihitaji chaja. Mwambie mnunuzi atoe betri akiiweka kabatini zaidi ya mwezi.

Inachezacheza

*Mimi ni fundi simu karibu na Soko la Kilombero, Arusha. Naletewa tochi mpya za 18650 zinazochezacheza mwanga au kuzima zikitikiswa. LED ni nzima. Nianzie wapi? Na za zamani za bei kubwa mbona siletewi?*

Anzia nyuma, fundi. Kwenye tochi hizi umeme wote wa kurudi hupita kwenye bodi, nyuzi za kifuniko na springi. Vumbi la Arusha ni laini na linaingia kwenye nyuzi kila kifuniko kinapofunguliwa. Futa nyuzi na ukingo wa bodi usiopakwa rangi kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha angalia pete ya shaba au alumini inayoshikilia swichi ndani ya kifuniko: ina vitundu viwili. Ingiza ncha za koleo nyembamba, kaza kwa kuzungusha kufuata saa. Nyingi zinazochezacheza hupona hapo. Rudia hivyo hivyo kwenye kichwa, palipo na pete inayoshika ubao wa saketi.

Bado? Toa kifuniko, weka multimita kwenye ampea 10, gusa ncha moja mkiani mwa betri na nyingine ukingoni mwa bodi. Taa ikiwaka imara hivyo, tatizo ni swichi au springi. Swichi za bonyeza za bei ndogo huungua vigusio ampea zikizidi 2. Badilisha nzima, usiifungue. Springi nyembamba ya chuma hupoteza umeme na kupata joto hadi kulegea. Dawa yake ni kuchomelea waya laini wa shaba wenye nyuzi nyingi kutoka ncha ya springi hadi kitako chake, ukiacha waya ulegee ili springi ibonyee bila kuuvuta. Mwanga wa ngazi ya juu utaongezeka kidogo, na kuchezacheza kutaisha. Tumia betri yenye saketi ya ulinzi ndani yake ukifanya hivyo, kwa sababu umepunguza ukinzani uliokuwa unabana ampea.

Pima na betri yenyewe. 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na uwezo wake hauzidi miliampea-saa 4,000 hivi. Inayodai 9,900 ni uongo, na ikiwa nyepesi mkononi mara nyingi ndani kuna betri ndogo iliyojaziwa. Hizo ndizo zinazofanya tochi nzuri ya bei nafuu ionekane mbovu, na mteja anailaumu tochi.

Za zamani huletewi kwa sababu zinavuta ampea 1 tu hivi, springi zake ni nene, na nyingi hazina swichi ya kubonyeza na kubaki. Zinakufa kwa kukosa globu na betri, na hizo haziendi kwa fundi.

Haichaji kwa chaja ya simu

*Tochi yangu mpya ina tundu la USB-C, lakini nikiichomeka kwenye chaja ya simu ya waya wa USB-C pande zote mbili, haichaji. Kwenye kompyuta inachaji. Msomaji, Machame.*

Tochi ni nzima. Chaja ya waya wenye USB-C pande zote haitoi umeme mpaka ihisi vikinza viwili vya ohm 5,100 upande wa kifaa, na watengenezaji wa bei ndogo mara nyingi huviacha. Tumia waya wenye USB ya kawaida, ile bapa ya zamani, upande wa chaja. Hiyo hutoa volti 5 bila kuuliza, na pengine ndiyo maana kwenye kompyuta inachaji. Ukinunua nyingine, jaribu kwa waya wa aina zote mbili palepale dukani. Na ukimaliza kuchaji, bonyeza kifuniko cha mpira kwa kidole gumba hadi kikae sawa na bodi pande zote, hasa upande wa bawaba, ambako hubaki kimeinuka na maji huingilia hapo.